Dhahabu ya Jumamosi

Salamu kwenu wote: mlioko kambini, mlioko kwenye makazi, mlioko mjini mnahangaika na karatasi, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kubonyeza hata kile kidole gumba.

Wiki hii tunaongea kuhusu watu wanaokwenda kutafuta dhahabu kwa kujifurahisha. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kwa kujifurahisha. Wana klabu yao, wana kalenda ya matembezi, wanalipa ada ya mwaka, na wikiendi ikifika wanapakia mahema, sufuria na mashine za kutambua madini, wanakwenda porini. Jumapili jioni wanarudi na misumari mitupu yenye kutu, na wanasema safari ilikuwa nzuri sana.

Tunajua mtacheka. Cheka kwanza, halafu usome mpaka mwisho, maana hoja yetu ni nzito: kijana mkimbizi anahitaji matembezi kama anavyohitaji daftari. Na asipopata kundi la kutembea nalo, shimo la dhahabu litampa kundi.

Kwa sisi tuliotoka Fizi, Mwenga na Ituri, dhahabu na furaha ni maneno mawili yasiyokaa kwenye sentensi moja. Dhahabu tunaijua. Ni Misisi, ni Kamituga, ni Mongbwalu. Ni tochi kichwani, ni kamba, ni zebaki mikononi bila glavu. Ni PDG mwenye shimo anayehesabu sehemu yake kabla wewe hujapanda juu, na mtu mwenye bunduki njiani anayetaka sehemu yake pia. Ni mama zetu wa Kamituga, wale wanaoitwa mama twangaise, wanaotwanga mawe kwenye kinu kutwa nzima huku vumbi linaingia kifuani. Mwezi wa Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya Kamituga, watu kama 50 wakafia humo, na wengi wao walikuwa vijana. Hiyo ndiyo dhahabu yetu.

Sasa twende Australia, jimbo la Victoria. Klabu za namna hii zipo pia Marekani na Uingereza, lakini tumechagua Victoria kwa sababu mbili. Ya kwanza, historia yake inafundisha. Ya pili, ndugu zetu wako kule: baadhi ya Wakongo waliopewa makazi Australia wanaishi Shepparton, mji ulioko jimbo hilohilo, na mwendo wa gari mpaka Bendigo, kwenye nchi ya dhahabu, si mrefu. Siyo habari za mwezini.

Matembezi yenyewe yako hivi. Klabu inatangaza tarehe na mahali. Watu wanafika Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, wanapiga hema, wanachemsha chai. Waliozoea wanawachukua wapya na kuwafundisha kushika detekta. Ni fimbo yenye sahani ya duara chini yake. Waya ulio ndani ya sahani unatuma nguvu ya sumaku ardhini, ikikutana na chuma au madini inarudisha ishara, na wewe unasikia mlio kwenye spika za masikioni. Unatembea polepole, sahani ikiwa karibu kabisa na ardhi, kama mtu anayefagia uwanja. Udongo wa kule una chuma kingi, kwa hiyo mashine inalialia ovyo, na mgeni anachoka mapema. Ndiyo maana anahitaji mzee wa kumwambia, "Huo mlio achana nao, huu hapa chimba."

Unachimba. Msumari. Unachimba tena. Kipande cha kopo. Unachimba mara ya tatu: ganda la risasi la mwindaji, au kiatu cha farasi kilichoachwa na wachimbaji wa zamani. Wengine wako mtoni na makarai, wanazungusha mchanga na maji taratibu ili kilicho chepesi kimwagike na kizito kibaki chini. Watoto wanazikiwa vipande vya plastiki au sarafu mchangani wavitafute wapate zawadi. Jioni moto unawashwa, kila familia inaleta chakula chake, na watu wanaonyeshana walichopata. Mwenye punje ya dhahabu anapigiwa makofi. Mwenye takataka ya ajabu kuliko zote anapigiwa makofi zaidi.

Kuna hadithi kubwa zinazowavuta, bila shaka. Mwaka 1980, karibu na Kingower, mtu mmoja aitwaye Kevin Hillier alisikia mlio kwenye detekta yake, akachimba, akatoa bonge la dhahabu la kilo 27. Liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja na kupelekwa kwenye kasino moja kule Las Vegas. Lakini mtu mmoja kupata bonge hakuwezi kuishikilia klabu miaka 40. Kinachoishikilia ni chai, moto, na watu wanaokujua kwa jina.

Sasa tuulize swali la maana. Kwa nini dhahabu ni mchezo kule, na kwetu ni kaburi? Wengi watajibu haraka: kwa sababu wao ni matajiri. Kuna ukweli hapo, hatubishi. Mtu mwenye pensheni anaweza kurudi na msumari na bado akala. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu Victoria haikuanza hivyo.

Dhahabu ilipopatikana kule mwaka 1851, maelfu ya watu walimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Serikali ikawatoza shilingi 30 kila mwezi kwa leseni, umepata dhahabu au hukupata. Askari walikuwa wanapita mashimoni kuwinda wasio na karatasi. Mnasikia mlio huo? Kukaguliwa karatasi wakati una tope mpaka magotini, sisi tunaujua utamu wake. Tarehe 3 Desemba 1854, kule Ballarat, wachimbaji waliojizungushia boma la magogo liitwalo Eureka walivamiwa na wanajeshi alfajiri, na zaidi ya 20 waliuawa. Walishindwa vita, lakini mwaka uliofuata leseni ile ya kila mwezi ikaondolewa. Badala yake kikaja kibali cha pauni moja kwa mwaka, na jina lake likawa Haki ya Mchimbaji. Aliyekuwa nacho aliweza kuchimba na pia kupiga kura.

Kibali hicho kipo mpaka leo, kwa jina lilelile. Mtu wa kawaida anakilipia chini ya dola 40 za Australia na kinadumu miaka 10. Kikiwa mfukoni unaruhusiwa kutafuta dhahabu kwa zana za mkono kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya umma, na ukipata ni yako. Masharti yapo: hakuna mitambo ya kuchimbia, mbuga za taifa nyingi hazigusiki, ardhi ya mtu lazima umwombe mwenyewe, maeneo ya kale ya wenyeji wa asili usiyaharibu, na kila shimo ulilolifungua ulifunike. Sehemu kubwa ya nchi ile ya dhahabu, pamoja na Bendigo, ni ardhi ya asili ya Wadja Dja Wurrung, waliokuwa pale kabla ya karai la kwanza kuguswa na maji.

Na tusiipambe hadithi. Haki ile haikumfikia kila mtu. Mwaka huohuo wa 1855, Victoria iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina atakayeshuka bandarini. Wachina wakafanya nini? Walishuka Robe, katika koloni jirani la Australia Kusini, wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400 mpaka kwenye machimbo. Wanaume maelfu kwa maelfu, mzigo begani, nchi wasiyoijua, lugha wasiyoisikia. Mwaka 1857 kundi moja la watembeaji hao lilikuta dhahabu njiani, na hapo ukaanza mji wa Ararat. Kila mkimbizi aliyewahi kuzunguka kizuizi kwa miguu atawaelewa wale watu bila mkalimani.

Kwetu upande wa karatasi ulikuwaje? Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 inamtambua mchimbaji mdogo, inamtaka awe na kadi na achimbe kwenye maeneo yaliyotengwa. Vizuri. Lakini maeneo yenyewe ni machache na mengi yako mbali na dhahabu ilipo, kwa hiyo baba zetu na kaka zetu walichimba wakiwa nje ya sheria ndani ya kijiji chao wenyewe. Mtu aliye nje ya sheria hawezi kushtaki, hawezi kugoma, hawezi kuchagua siku ya kupumzika. Anachimba mpaka shimo liseme basi.

Kwa hiyo tukitazama vizuri, vitu vitatu ndivyo vinavyogeuza shimo kuwa matembezi: karatasi, njia na wenzako. Karatasi inayosema unaruhusiwa kuwa hapo. Njia unayoweza kupita kwenda na kurudi bila kuogopa. Na wenzako wa kukaa nao motoni, hata siku ambayo hakuna aliyepata kitu.

Hebu tupime vitu hivyo vitatu kwetu. Karatasi na njia kwanza. Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae kwenye eneo lililotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kuna wenzetu waliozaliwa humo, sasa ni wazazi, na hawajawahi kuona Ziwa Tanganyika ambalo babu zao walivua samaki ng'ambo ya pili. Wenzetu wa Kakuma nao wakitaka kusafiri kwenda miji mingine ya Kenya, kibali kwanza. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea, kwa hiyo kijana wa Nakivale anaweza kupanda gari mpaka Mbarara bila kumpigia mtu saluti. Shida yake ni nauli. Lakini hata yeye ukimuuliza lini alitoka na wenzake kwenda mahali kwa ajili ya kwenda tu, atakutazama kama umemtukana.

Maana kila kutoka kwetu lazima kuwe na sababu. Hospitali. Mgao. Usaili. Semina, ambapo unasaini karatasi ya mahudhurio, unapewa soda, unapigwa picha, na jioni umekuwa namba kwenye ripoti. Hatuwadharau wanaoandaa semina, tumejifunza mengi humo. Tunasema tu kwamba kijana aliyehesabiwa siku saba za wiki anachoka kuhesabiwa. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, jembe tumelipokea, na wengine tunalima ardhi ya kukodi kwa miaka mingi. Lakini hata mwenye jembe ana Jumamosi.

Sasa kitu cha tatu, wenzako. Hapa tunataka mtusikilize vizuri, hasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika. Kila mwaka tunawajua vijana wanaopotea kambini na kwenye makazi, halafu simu inapigwa kutoka machimboni. Mwingine amerudi Kongo, mwingine yuko kwenye chimbo la nchi hizihizi tulizokimbilia. Mkiuliza kwa nini, jibu linaloandikwa kwenye fomu ni "umaskini". Ni kweli, mgao umepunguzwa na kazi hakuna. Lakini sisi tunalala nao chumba kimoja, tunajua na jibu la pili. Waliorudi wakikaa usiku kusimulia, hawasimulii gramu. Wanasimulia utani wa kule chini, jina la utani walilopewa, yule mwenzao aliyekuwa anaimba wakati wa kuvuta kamba, supu waliyochanga siku shimo lilipotoa. Shimo liliwapa timu. Liliwapa mtu wa kuwangoja juu. Hapa kambini walikuwa na namba ya kadi na mlango wa hema.

Kwa hiyo kumwambia kijana "usiende machimboni, ni hatari" ni kazi nusu. Hatari anaijua kuliko wewe. Mwonyeshe na timu nyingine.

Tunajua hoja zinazokuja. Wa kwanza atasema: watu wana njaa, nyinyi mnaongelea matembezi? Tunamjibu kwa heshima: njaa hatuisomi kitabuni. Mtu mwenye njaa bado ni mtu. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linataja haki ya kila mtu kupumzika. Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 31, unataja kucheza. Waliokaa kuandika lile Tamko walikuwa wametoka kwenye vita kubwa kuliko yetu, na hawakuona ni anasa. Tena hatuombi bajeti. Jumamosi haina bei.

Wa pili atasema: basi tuleteeni detekta na sisi tucheze. Hapana, jamani. Hilo tunalikataa waziwazi. Kwanza, ardhi tuliyoikalia ina wenyewe, na madini yake yana sheria yake. Mkimbizi anayechimbachimba bila ruhusa anawaharibia wote. Pili, kule Victoria chuma kinacholia chini ya majani ni msumari wa mwaka 1860. Kwenye nchi zilizopita vita, kinacholia kinaweza kuwa bomu lililolala. Tunachotaka kuchukua kwa wale wazee wa klabu ni desturi zao, mashine wabaki nazo.

Wa tatu, na huyu ni wa kwetu, atasema: haya ni mambo ya wazungu waliostaafu. Ndugu yetu, mambo ya kutembea kwa pamoja hatukufundishwa na mzungu. Nyumbani vijana walikuwa wakitoka pamoja kwenda kuvua, kwenda kuvuna, kwenda harusi ya kijiji cha tatu, wanarudi usiku wakiimba. Vita ndivyo vilivyotufundisha kwamba kundi la vijana njiani ni kitu cha kutiliwa shaka. Na kama ni hadithi ya nani alianza kumtembelea mwenzake, historia ya Ituri inawataja watafutaji wawili kutoka Australia waliofika na kukuta dhahabu ya Kilo mwaka 1903. Wao walikuja kwetu kutafuta dhahabu kwa jasho la babu zetu. Sisi tukichukua kutoka kwao desturi ya kufunika shimo na kuchemsha chai, tutakuwa bado tunawadai.

Basi tunapendekeza nini?

Kwa vijana wenzetu: kila kundi lichague Jumamosi moja kwa mwezi. Mahali pawe pa kufika kwa miguu: mtoni, kilimani, kando ya ziwa, shamba la mtu aliyekubali. Mwenyeji aombwe ruhusa kabla, na vijana wa kijiji chake waalikwe. Kila mtu abebe kitu kimoja cha kula, hata kama ni muhogo mmoja. Pawe na jambo la kutafuta, maana kutembea bila lengo kunachosha: ndege wangapi tutawajua kwa jina, mti gani ni dawa, nani ataokota kitu cha ajabu kuliko wote. Mjuzi amfundishe mgeni. Takataka zirudi nyumbani na aliyezileta. Na pombe ibaki ilipo.

Na wasichana. Matembezi ya wavulana watupu tunayo tayari, yanaitwa kijiweni. Dada zetu Jumamosi wako bombani na ndoo, wako kwenye foleni ya kuni, wako na wadogo zao mgongoni. Kundi linalotaka kutoka nao lianze kwa kubeba ndoo Ijumaa jioni. Hata wale watoto waje. Kule Victoria klabu inawazikia sarafu mchangani, sisi hatushindwi kuwafichia pipi. Na saa ya kurudi iwe kabla ya giza, ijulikane na wazazi, isibadilishwe na mtu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika na wakuu wa kambi: tunaomba kitu kimoja cha karatasi. Pale ambapo sheria inataka kibali, kuwe na kibali cha kundi: majina 30, siku moja, kiongozi mmoja anayejulikana, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Wachimbaji wa Victoria walipewa karatasi moja ya miaka 10. Sisi tunaanza na saa 10. Kisha, tafadhali, tuacheni twende. Msituletee fulana. Msitupange mstari wa picha. Mkitaka kuja, njooni na muhogo wenu, mtafute ndege kama sisi, na kwenye ripoti yenu mwandike mstari mmoja tu: vijana walitoka, walirudi wote.

Sisi tumepanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Walio karibu nasi waulize kiongozi wa kundi lao kuhusu saa na mahali. Walio mbali wafanye ya kwao siku hiyohiyo, halafu usiku tuandikiane hapa nani aliokota nini. Beba maji, beba kofia. Kama una kaka anayezungumza siku hizi kuhusu kwenda machimboni, usimhubirie. Mwambie tu tunaondoka saa mbili asubuhi, na mpe sufuria aibebe yeye.